Jibu: Silkie analalia kiota kitupu na anakonda

Habari ndugu. Nimekusoma: Silkie wako (kuku wa manyoya laini kama hariri) yuko wiki ya pili kwenye kiota kisicho na mayai, hali chakula vizuri, anazidi kukonda. Kwanza mgeuze, pekua manyoya chini ya mkia na kwapani. Utitiri hupenda sana kuku anayelalia. Ukiukuta, tibu kuku na banda pamoja.

Kama yuko safi, ni hamu ya kuatamia tu, Silkie ndivyo walivyo. Unataka vifaranga? Mwekee usiku mayai yenye mbegu, hata ya kienyeji. Sita yanamtosha kwa umbo lile, baada ya siku 21 anakuangulia. Hutaki? Mhamishie kwenye tundu la sakafu ya waya, hewa ipite tumboni, maji na pumba karibu. Wangu huacha baada ya siku chache. Tafadhali usimchovye kwenye maji baridi: manyoya yale hayazuii maji, analowa mpaka ngozini.