Nimepitia pepa za miaka kumi, mbona bado napata 23?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, PCM, shule ya kutwa, nakaa Tabata. Hesabu inanitesa tangu tulipoingia difarensiesheni. Nimepitia pepa za miaka kumi pamoja na soluisheni zake, na kila hatua naielewa kabisa. Lakini jaribio la wiki iliyopita nimepata 23 kwa 100. Kuna mwalimu wa tuisheni anauza kijitabu cha njia za mkato, shilingi 15,000, anasema waliopata A mwaka jana wote walikuwa nacho. Ninunue? Na je, nirudie kalkulasi yote tangu mwanzo?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na kalkulasi usiirudie, maana sidhani kama ndiyo inayokuangusha.

Neno lililonikera kwenye swali lako ni "nimepitia". Nalisikia kila wiki, pamoja na ndugu zake: nimeangalia, nimesoma, nimeelewa. Wachache sana huniambia "nimefanya". Mwanangu, umepanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni mara ngapi? Vituo vyote unavitaja kwa mpangilio. Mbona hujakabidhiwa usukani?

Soluisheni inadanganya kwa sababu maamuzi magumu yote yameshafanyika kabla hujaifungua. Aliyeiandika ameshaamua aanzie wapi, mabano ayafungue lini, kipi akigawanye kwa kipi. Wewe unabaki kuitikia "sawa, sawa" kama mjumbe wa kikao cha harusi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi andiko: wengine walirudia kulisoma, wengine walilifunga wakajaribu kulikumbuka. Baada ya wiki moja waliojikumbusha wenyewe waliwaacha mbali wenzao, na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hayakuwa mahesabu yale, lakini huo uhakika naujua sura yake. Nauona kila ninaporudisha karatasi za jaribio.

Sasa tuangalie alama zinakokupotelea. Chukua swali la kawaida: tafuta derivativu ya 1/x, yaani kasi inavyobadilika x inapobadilika, kwa kuanzia kwenye h (nyongeza ndogo ya x), bila fomula. Unaandika 1/(x+h) kutoa 1/x, yote kugawa kwa h. Hapo ndipo kalkulasi inapokaa pembeni na kukuachia hesabu za shule ya msingi, kutoa sehemu zenye asili tofauti. Juu unapata x − (x+h). Karatasi ninazosahihisha, nyingi zinaandika x − x + h. Alama ya kutoa imegusa x ya kwanza ndani ya mabano, ikaisahau h. Ukigawa kwa h na kuiacha h iende sifuri, jibu linatoka 1/x² badala ya −1/x², na mwenye karatasi anakwenda kuwaambia wazazi kwamba difarensiesheni ni ngumu. Wengine hufika mbele kidogo, wakaona x juu na x chini, wakazichinja zote mbili ingawa moja imo kwenye kujumlisha.

Na jibu lile lingeweza kukamatwa bila hata kalamu. Gawa chapati moja kwa watu wawili, kisha kwa watatu. Kipande kinapungua. Thamani ya 1/x inashuka x inapopanda, kwa hiyo derivativu yake haiwezi kuwa chanya. Ukitaka namba, weka x = 2 kisha 2.1: thamani inatoka 0.5 hadi karibu 0.476. Ukigawa badiliko hilo kwa 0.1 unapata karibu −0.238, jirani kabisa na −1/4, ambayo ndiyo −1/x² x ikiwa 2. Dakika moja tu hiyo, na kwenye karatasi yako ya 23 sidhani kama uliitumia.

Kuhusu huyo mwenye kijitabu, mantiki mtaisoma, ila nikuwahishie kipande. Mvua kubwa ikipiga Dar, Jangwani kunafurika. Je, Jangwani kukifurika, lazima mvua imepiga hapa? Hapana, mto Msimbazi unaopita hapo unaanzia milima ya Pugu, maji yanaweza kushuka kutoka juu huku Kariakoo watu wameanika nguo. "Kama hili basi lile" haigeuzwi ikawa "kama lile basi hili". Waliopata A walikuwa na kijitabu. Hata ikiwa kweli, haisemi lolote kuhusu wenye kijitabu. Muulize waliopata F wangapi walikinunua. Kosa hilohilo umelifanya wewe: wanaofaulu wanaelewa soluisheni, basi nikielewa soluisheni nitafaulu.

Fanya hivi. Chukua swali moja, soluisheni ikae chumba kingine. Pambana dakika ishirini, hata kama karatasi inachafuka. Ukikwama, soma mstari mmoja tu, funika, anza tena kutoka juu kabisa, si pale ulipokwamia. Swali hilo lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Na uyachanganye maswali. Ukifanya ishirini ya aina moja mfululizo, kichwa cha mada ndicho kinachokuchagulia njia, na mtihani hauna vichwa vya mada. Asubuhi, kabla ya yote, sehemu tano na mabano matano yenye alama hasi. Usione aibu.

Ninachokiogopa zaidi kwa sasa ni simu. Unaipiga swali picha, hatua zote zinashuka zimepangwa vizuri kuliko za mwalimu wako. Nimekutana na vijana wa kidato cha nne, ambao Hisabati yao kwenye mtihani wa taifa haina kikokotoo bali kitabu cha majedwali tu, na hawawezi kusoma logi ya 3.47 kwenye jedwali. Kisha Novemba inakaribia, magrupu ya WhatsApp yanajaa watu wanaouza "pepa yenyewe" kwa elfu hamsini. Mzazi anayenyima mtoto hela ya daftari analipa. Pepa huwa ni ya kutunga, na ikitokea kuwa ya kweli, Baraza la Mitihani hufuta matokeo. Wazazi, hiyo elfu hamsini inunulieni kaunta buku.

Wewe wa Tabata, jaribu hili usiku huu, bila simu: derivativu ya 1/(3 − x), kwa kuanzia kwenye h. Safari hii jibu linatakiwa liwe chanya. Kabla hujagusa kalamu, andika kwa maneno ni kwa nini.