Maswali ya Wasomaji: Santuri Iliyolipa Talaka

Mwezi huu barua nyingi zinahusu albamu moja, "Here, My Dear" ya Marvin Gaye, mwimbaji wa Marekani, aliyoimba baada ya ndoa yake kuvunjika. Tumejibu zile zenye jambo la kuelezeka.

Nilisikia redioni kwamba jaji alimwamuru Marvin Gaye arekodi albamu ili amlipe mkewe. Ni kweli au ni chumvi? (Msomaji, Tanga)

Chumvi ipo, ila kidogo. Hakuna jaji aliyekaa akabuni albamu. Wazo lilikuwa la wakili wa Gaye mwenyewe, Curtis Shaw. Mkewe, Anna Gordy, alifungua shauri la talaka Novemba 1975, na mteja wa Shaw alikuwa mtu wa mapato makubwa na mfuko mtupu: nyumba, magari, madeni, kodi. Fedha taslimu za kumalizana na mke hazikuwapo. Kilichokuwapo ni sauti yake na mkataba na Motown, kampuni ya rekodi. Basi wakakubaliana Anna alipwe kutokana na albamu itakayofuata. Talaka ikakamilika Machi 1977.

Hesabu yenyewe ilikuwa dola 600,000. Kati ya hizo, 305,000 zilikuwa malipo ya awali ambayo kampuni ilipaswa kumpa Gaye kwa albamu hiyo, na 295,000 zilizobaki zingekatwa kwenye mrabaha, yaani fungu la msanii, kadiri santuri zinavyouzwa. Sasa tazama fundo lilipo: Motown ilikuwa ya Berry Gordy, kaka yake Anna. Yaani kaka analipa, mtalaka anafanya kazi, dada anapokea.

Nimeisikiliza mara mbili kwenye simu na sijapata wimbo hata mmoja wa kuimba nao. Wanaoisifu wanasikia nini? (Kijana wa Nakuru)

Kwanza zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, na kile cha kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Albamu hii ikivurugwa mpangilio, imekwisha. Ina nyimbo 14 na dakika kama 73, zilizogawanywa kwenye pande nne za santuri mbili, kila upande dakika 18 hivi. Sikiliza upande mmoja, pumzika, kisha endelea. Tumia visikilizio vya masikioni, maana spika ya simu hula besi, na besi ndiyo inayobeba nyimbo hizi.

Kibwagizo hutakiona kwa sababu nyingi hazina. "When Did You Stop Loving Me, When Did I Stop Loving You" inakwenda zaidi ya dakika 6, na maneno yanasonga mbele tu kama mtu anayeongea peke yake usiku. Hakuna pa kurudi ukaitikia. Badala yake fuata tabaka za sauti. Gaye alikuwa akijirekodi mara kadhaa juu ya wimbo uleule: sauti nene chini, ya kati ikisimulia, nyembamba ikilia juu. Kwa kawaida mwanamuziki hufanya hivyo ili sauti zipatane. Yeye anaziacha zibishane. Ya kati inapotoa hoja ya kistaarabu, ile ya juu inanung'unika pembeni, na mara nyingine ya tatu inacheka. Chagua moja uifuate mwanzo hadi mwisho, halafu rudia kwa nyingine. Utakuta ni kama nyimbo tatu tofauti.

Kisha sikiliza "I Met a Little Girl". Umeimbwa kwa mtindo wa vikundi vya sauti vya Marekani vya miaka ya 1950, ule wa vijana wanaoitikiana kwenye kona ya mtaa. Haikuwa bahati mbaya. Gaye aliingia kwenye kundi la Moonglows la Harvey Fuqua mwaka 1959, na kwa njia hiyo akafika Detroit alikokutana na Anna. Harvey naye baadaye akamwoa Gwen, dada wa Anna. Kwa hiyo kisa cha kukutana kinasimuliwa kwa sauti ya siku zilezile walipokutana, halafu ndani ya wimbo huohuo miaka inatajwa, mapenzi yakachacha. Wimbo wa talaka unaorudia swali la nani aliacha kumpenda mwenzake unajitokeza mara tatu kwenye albamu: wenye maneno, wa ala, na kipande cha chini ya dakika moja mwishoni kabisa, kama mtu aliyegeukia mlangoni.

Sisi watu wa pwani tunaona hii ni mipasho tu. Mnasemaje? (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Mama, shikamoo. Mipasho ina adabu yake: fumbo linatupwa, jina halitajwi, mlengwa anajijua na mashoga zake wanamjua, na akilalamika ndiyo amejitaja. Gaye amefanya kinyume. Jina ameliandika juu ya wimbo, "Anna's Song", na ndani yake analivuta jina hilo mpaka linakuwa kilio. Wimbo mwingine, "You Can Leave, but It's Going to Cost You", unataja kuondoka na gharama yake wazi kama risiti. Hapo fumbo liko wapi?

Tofauti ya pili ni kwamba mpasho haumpaki msemaji. Hapa msemaji anajipaka. Anamlaumu Anna kwa fedha, na hapohapo unasikia ulevi wake, uongo wake na ubinafsi wake. Isitoshe, mwanamke mwingine alikuwapo kabla ya talaka: Janis Hunter, ambaye Gaye alikutana naye 1973, akazaa naye watoto wawili na kumwoa Oktoba 1977. "Falling in Love Again", karibu na mwisho, kaimbiwa Janis.

Anna alifikiria kumshtaki kwa kuanika mambo yake ya ndani, lakini hakufanya hivyo. Wala asichukuliwe kama mke wa nyumbani aliyekuwa akisubiri cheki. Kabla ya Motown kuwa kitu, alikuwa na kampuni ya rekodi yenye jina lake, Anna Records, na jina lake limo kati ya watunzi wa "Just to Keep You Satisfied", wimbo unaofunga albamu ya Gaye ya 1973, "Let's Get It On". Huo nao ni wa ndoa inayokwisha. Mkisikiliza huo kwanza, "Here, My Dear" inakuwa sura ya pili.

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini haikuuzwa? (Msomaji, Morogoro)

Ilitoka Desemba 1978, wakati watu wanataka disko, na mwaka mmoja tu kabla, 1977, Gaye huyohuyo alikuwa amewachezesha kwa "Got to Give It Up". Santuri mbili bei yake ni kubwa. Wimbo uliochaguliwa kwa redio, "A Funky Space Reincarnation", ni zaidi ya dakika 8 na unazungumzia mapenzi ya kwenye vyombo vya angani. Ulifika nafasi ya 23 kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Albamu ilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya albamu za muziki huohuo na 26 kwenye ile ya jumla: kwa msanii mwingine ni furaha, kwake ilikuwa anguko. Mwenyewe akaacha kuitangaza. Sifa zilikuja baadaye sana, baada ya kifo chake cha 1984.

Nimepata mtu anauza santuri ya zamani ya albamu hii. Nikague nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Dubai)

Hakikisha santuri ni mbili na pande ni nne. Albamu za mbili hupoteza moja zaidi ya unavyodhani. Fungua jalada, linafunguka kama kitabu: ndani uone mchezo wa ubao mfano wa Monopoly, mkono wa mwanamume ukimpa mwanamke santuri. Picha hiyo ndiyo nusu ya thamani, kwa hiyo jalada lililolowa lishushe bei.

Inamishe santuri chini ya taa. Mifuo, ile mistari inayopitiwa na sindano, ikifubaa na kuwa kijivu imeliwa na sindano nzito, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Mkwaruzo pitisha ukucha: usiouhisi huenda usisikike, unaokwama utagonga kila sekunde 1.8, kwa kuwa sahani inazunguka mara 33⅓ kwa dakika. Iweke juu ya kioo tambarare uone kama imepinda. Kwenye joto la huko usiiache garini hata kwa nusu saa, na nyumbani isimamishe wima, isiegemee. Vumbi futa kwa kitambaa laini na maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya betri yasiyo na asidi, ukifuata mzunguko wa mifuo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Uzito wa sindano kwa mashine nyingi za kawaida ni kati ya gramu 1.5 na 2. Fuata alichoandika mtengenezaji.

Mimi ni mwimbaji na ndoa yangu inavunjika. Mume anataka sehemu ya albamu yangu ijayo. Nikubali? (Dada asiyetaka jina)

Dada, pole. Kwanza pata wakili wako, si wa kwenu wote wawili. Ukiamua kukubali, ugomvi mkubwa utatoka kwenye neno moja: nusu ya nini? Tuseme albamu imeingiza shilingi milioni 10 na studio, wapigaji na video vimekula milioni 8. Nusu ya mapato ni milioni 5, nawe umebaki na milioni 2 tu, kwa hiyo milioni 3 utazitoa mfukoni. Nusu ya kinachobaki ni milioni 1. Andikeni "baada ya kurudisha gharama" na mtaje gharama zipi.

Wekeni kikomo, kama cha Gaye: kikifikiwa, kilichobaki ni chako milele. Tajeni albamu ipi na itoke lini, la sivyo mmoja atachelewesha kwa makusudi au atarekodi takataka. Gaye mwenyewe alianza na nia ya kulipua kazi kabla moyo haujamgeuka. Tenganisheni fedha za rekodi na fedha za utunzi, kwa sababu ni haki mbili, na ya utunzi huishi muda mrefu zaidi. Mwisho, msambazaji apewe barua ya kugawa malipo moja kwa moja, fedha zisipitie mkononi mwako, na taarifa ya mauzo ya kila miezi sita ifike kwenu wote siku moja.