Binti yangu anauliza nasalije kwenye Kanisa lililomuua bibi yake

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 52, mzaliwa wa Bugesera, Rwanda, na sasa naishi Mwanza. Mama yangu na wadogo zangu wawili waliuawa ndani ya kanisa la Nyamata, Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sijawahi kuacha Misa. Naimba kwaya, tena ni mweka hazina wa jumuiya yetu. Mwaka huu binti yangu wa miaka 20 alikwenda Nyamata kwa mara ya kwanza. Aliporudi akaniambia: "Mama, bati la paa limetobokatoboka, mwanga unapenya kila mahali. Kitambaa cha altare bado kina damu. Unawezaje kupiga magoti mbele ya padri?" Hataki tena kanisa. Nilimjibu kwamba waliotenda ni watu, si Kanisa. Akaingia chumbani akafunga mlango. Shangazi, nimewasaliti wafu wangu?

Mama wa Mwanza

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hujawasaliti. Mama yako alikimbilia kanisani kwa sababu alikuwa na sababu ya kuliamini. Mwaka 1992, Watutsi wa Bugesera walipoanza kuuawa, waliojificha katika kanisa hilohilo walipona. Safari ya pili wakarudi palepale walipookokea. Imani uliyonayo umeirithi kwake, na muuaji hana haki ya kukunyang'anya hata hiyo.

Ila kwa jibu ulilompa binti yako, sikuungi mkono. "Ni watu, si Kanisa." Mimi pia ni Mkatoliki, na neno hilo nililisema sana nilipokuwa kijana. Leo silisemi. Askofu Mkuu wa Kigali wa wakati huo, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama kilichotawala. Zamani zaidi, wakati wa Wabelgiji, Askofu Léon Classe aliishauri serikali yao uchifu ubaki mikononi mwa Watutsi, na utengano wa Watutsi na Wahutu ukaota mizizi. Kisha pale Nyange, magharibi mwa Rwanda, Aprili 16, 1994, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga huku watu wasiopungua 1,500 wakiwa ndani, na paroko wao, Athanase Seromba, akiridhia. Padri huyo baadaye aliendelea kutoa huduma huko Florence, Italia, kwa jina jingine. Parokia ya ugenini haipatikani bila mtu wa kukupokea, mwanangu. Kifungo chake cha maisha kilitoka hapa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, mwaka 2008, kwenye rufaa.

Binti yako ameona lile paa, halafu mama yake mzazi anamwambia Kanisa halihusiki. Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Maaskofu wa Rwanda waliomba radhi Novemba 2016, lakini walitanguliza neno: ingawa Kanisa halikumtuma mtu yeyote kutenda uovu. Waliofiwa waliisikia hiyo "ingawa", na mimi niliisikia. Machi 20, 2017, Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa lenyewe pamoja na watu wake, akiwataja mapadri na watawa. Ona jinsi hiyo inavyosikika tofauti. Kama Papa ameweza kulisema, mweka hazina wa jumuiya pale Mwanza analiogopea nini?

Najua kishawishi kitakachokujia. Binti akimtaja Seromba, utataka kumjibu kwa Felicitas Niyitegeka, yule Mkatoliki wa Gisenyi, Mhutu, aliyewaficha Watutsi. Kaka yake, kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa. Yeye akakataa kuwaacha aliowaficha, wakauawa pamoja. Nampenda Felicitas kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini usimtumie kama pazia. Msimulie binti yako habari zake siku nyingine, siku ambayo hamgombani, kwa sababu alistahili kujulikana na si kwa sababu unataka kushinda.

Hili la kushinda liache kabisa. Binti ana miaka 20, anaweza kuondoka Kanisani, anaweza asirudi. Itakuuma. Hata hivyo usimfanye aone kwamba ili akupende lazima asali, wala wewe usikubali kwamba ili umpende bibi yake lazima uache. Wewe bado unakutana na Mungu katika Misa ileile. Mwambie hivyo kwa maneno yako ya kila siku, bila mahubiri. Mwambie pia siku zipi ulikaa kwenye benchi huku umekasirika. Nadhani zipo. Hizo hajawahi kuzisikia.

Na kule jumuiyani, akitokea wa kusema "mambo ya zamani hayo, tusilichafue Kanisa", usiinamishe kichwa. Mwambie mama yako alifia kanisani.

Leo mgongee mlango na umwombe radhi kwa lile jibu. Muulize ameona nini kingine Nyamata, umsikilize mpaka amalize. Halafu Aprili 7 inayokuja, siku ya kuwakumbuka waliouawa, peleka nia ya Misa parokiani. Usiandike "marehemu wa Rwanda" kwa jumla. Andika majina yote matatu, na mwombe padri ayasome kwa sauti na kusema waliuawa wapi. Mwalike binti yako. Akitaka kusimama nje chini ya mti, asimame huko. Spika zitamfikishia majina.