Uliza Tukujibu: Nyumba ya Kuvuta na Pikapu, Nichukue Ipi?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni kijana wa Kisauni lakini nafanya kazi ya kuchomelea vyuma huko Texas, kazi za mkataba, miezi kadhaa hapa kisha wanipeleka kwengine, na kodi za nyumba zanimaliza manake kila mahali wataka usaini mwaka mzima. Mke na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6, bado wako hapa Mombasa, visa zishatoka na twaondoka pamoja likizo yangu ikiisha. Nataka kununua trela la kuishi, lile la fifwili ambalo shingo yake yapanda juu ya pikapu, tukae humo moja kwa moja. Kuna moja la futi 42 nimeliona kwa simu, lina jiko zuri sana na sebule ina hadi meko, mke kaliona kalipenda. Pikapu ninayo, ile wanayoita ya robo tatu tani. Pesa ni taslimu, sitaki riba. Nichukue jipya au lililotumika, na nitazame nini?
Welda, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Jiko liache kwanza. Mpigie mtu aliyeko huko akufungulie mlango wa dereva wa hiyo pikapu, kwenye nguzo ya mlango kuna stika imeandikwa uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo ambao gari laruhusiwa kubeba, aipige picha akutumie. Hiyo namba ndiyo itakayokuchagulia trela, sio mimi wala muuzaji.

Kwa nini nasema hivo? Fifwili halivutwi kwa bampa. Ile kingipini yake, pini nene ya chuma iliyo chini ya shingo, yakaa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, ndio maana latulia barabarani kuliko trela la kuburutwa kwa nyuma, lakini gharama yake ni kwamba kiasi cha asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela chakaa mgongoni mwa pikapu. Sasa piga hesabu. Trela la futi 42 likijaa vitu lafika kilo 7,000 bila shida, asilimia 20 ya hiyo ni kilo 1,400, ongeza kile chuma cha kushikia kingipini, wewe, mke, watoto, na vifaa vyako vya kazi, ushapita kilo 1,700. Pikapu nyingi za robo tatu tani (hilo ni jina la daraja tu, kama lile la tani moja, sio uzito inaobeba), hasa za dizeli zenye milango minne, stika yake huishia karibu na kilo 1,000 tu. Muuzaji atakwambia injini yaweza kuvuta, na kweli itavuta, lakini kuvuta sio kubeba, na watakaoumia ni matairi, springi na breki ukiwa na familia ndani. Sisi watu wa Mombasa tumeona malori yakipimwa kila ekseli pale mizani ya Mariakani, fikra ni ile ile, na huko Marekani vituo vikubwa vya mafuta vya malori vina mizani ya kulipia, ipitishe nyumba yako huko ikiwa imejaa kabla hujaanza safari ndefu.

Kwa hivyo ni moja kati ya mawili. Ama uuze pikapu uchukue ya tani moja yenye matairi mawili mawili nyuma, ama ushuke hadi trela la futi 30 na kitu, jepesi, lenye vitanda vya watoto vya juu na chini. Ningekuwa wewe ningebadilisha pikapu, kwa sababu watu wanne kwa mwaka mzima wahitaji mlango wa kufunga kati ya wazazi na watoto, na matrela yenye chumba cha watoto cha kweli huwa mazito.

Na usidanganywe na ule uzito mkavu unaoandikwa kwenye matangazo, huo hauna maji wala nguo wala sufuria zako. Tazama uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito lilivyotoka kiwandani, kinachobaki ndicho cha vitu vyenu vyote vya duniani. Tangi la maji la galoni 60 peke yake lameza kilo 227.

Jipya au la zamani, mimi nasema lililotumika miaka michache, jipya hushuka bei mara tu likitoka kwa muuzaji. Tena matrela mengi mapya waranti yake yakataa mtu anayeishi humo muda wote, wametengeneza kwa ajili ya likizo, isome hiyo karatasi mpaka mwisho. Lakini usirudi nyuma sana, kuna paki, yale maeneo ya kukodi nafasi ya kuegesha trela na kuishi, hazipokei trela lililopita miaka 10. Bima nayo waambie wazi kwamba ndio nyumba yenu, ukificha siku ya hasara hutalipwa.

Ukienda kulikagua, wewe una jicho ambalo wanunuzi wengi hawana: ingia chini utazame fremu. Hasa pale mbele shingo inapokutana na mwili, tafuta ufa kwenye weldi, rangi iliyopasuka, kutu inayochirizika, na ukuta wa nje ulioanza kutengana na kona. Kisha panda juu ya paa ubonyeze kandokando ya matundu ya hewa, pakibonyea maji yashaingia, achana nalo hata akikupunguzia nusu ya bei, mbao zilizooza ndani ya ukuta huzioni mpaka zimalizike. Matairi yasome tarehe, zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, yakikaribia miaka sita badilisha hata kama kashata zake bado nzima.

Joto la Texas mwalijua, kwa hivyo chukua lenye umeme wa ampea 50, la ampea 30 ni wati 3,600 peke yake, eyasii mbili na oveni haviendi pamoja. Na kwa kuwa kazi yaweza kukupeleka kaskazini, hakikisha tumbo la chini limezibwa na lapashwa joto, mabomba yakiganda mtakaa bila maji.

Sasa shemeji. Mwambie muuzaji afunge slaidi zote, zile sehemu za chumba zinazosukumwa nje, halafu jaribuni kufika chooni na kwenye friji, maana mkisimama njiani ndivyo mtakavyokaa. Kisha zifunguliwe, mketi humo kama siku ya mvua wote mko ndani, shemeji aweke sufuria yake ya pilau kwenye jiko aone kama kifuniko chapita chini ya kabati, mtafute pa kutandika miswala. Udhu mara tano kwa watu wanne hujaza tangi la maji machafu haraka msipokuwa mmeunganishwa na mtaro, uliza ukubwa wake. Na kama watoto wataenda shule badala ya kusomea nyumbani, mtahitaji kutulia paki moja muhula mzima, hilo lizungumzeni hapa hapa Kisauni kabla ya ndege.

SWALI: Nina kiwanja Kilifi karibu na bahari, naweza kuagiza trela kama hilo kutoka Marekani nikaliweka hapo niishi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Dada yangu, sikushauri. Umeme wake ni volti 120, wetu ni 240, hapo ushaanza kununua transfoma. Mlango uko upande wa kulia, kwetu sisi tunaoendesha kushoto utawashusha watu katikati ya magari. Pikapu kubwa za huko usukani ni wa kushoto, haisajiliwi hapa kwa matumizi ya kawaida, kwa hivyo hata cha kulivutia huna, na upepo wa chumvi utaila ile fremu ya chuma. Kwa pesa za meli na ushuru jenga vyumba viwili vya matofali ya matumbawe na baraza pana, na kisima ukichimbe kwanza.