Baba hakosi jamaa, ameacha vidonge vya presha

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tuko Ngamiani, Tanga. Baba yetu ana miaka 68, ana presha na sukari, na magoti yanamsumbua. Hakosi swala ya jamaa. Alisikia kwenye mawaidha kwamba utafiti umethibitisha wanaohudhuria ibada wana afya na huishi zaidi. Tangu siku hiyo vidonge ameviweka kabatini, anasema msikiti unamtosha. Tumwambie nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote, baba arudi kliniki wiki hii, apimwe, na aende na pakiti za dawa alizoacha. Asijirudishie dozi mwenyewe, wala asimeze mbili kufidia siku zilizopita. Presha haiumi, ndiyo maana humhadaa mtu kuwa imekwisha. Zipo dawa ambazo zikikatwa ghafla presha hupanda kwa kasi, na hapo ndipo kiharusi huingia.

Utafiti upo. Mwaka 2016 zilitoka takwimu za wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani, wengi wao Wakristo, waliofuatiliwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walipungukiwa na uwezekano wa kufa katika muda huo kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Watafiti walitaja njia zinazoweza kueleza tofauti hiyo: kutovuta sigara, kupungua kwa sonona, na kuwa na watu wa kukujali. Hakuna aliyesema hudhuria, acha dawa. Tena mgonjwa sana hubaki nyumbani, kwa hiyo kundi la wasiohudhuria lina wagonjwa tangu mwanzo. Watafiti walijitahidi kulihesabu hilo, lakini halifutiki lote.

Ushahidi wetu wa dini uko wazi zaidi. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.): tujitibu? Akawajibu wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Waliouliza walikuwa mbele yake yeye mwenyewe. Ni jamaa ipi ya leo itakayoipita ile?

Jamaa asiiache, maana fadhila ya kuizidi swala ya peke yake kwa daraja 27 ni yake. Ila aswali kwa mwili alionao. Kwa magoti mabovu, watu wengi hukosea kwa kukaa kitini tangu takbira. Kusimama ni nguzo kwa anayeweza. Asimame kwa takbira na Fatiha, arukuu kwa kuinama akiwa amesimama, kisha akae kitini kwa sijida, ainame kwa kadiri awezavyo. Asiwekewe meza ya kusujudia. Miguu yake ilingane na safu anaposimama, kiti kiwe nyuma yake mahali pasipombana mwenzake.

Dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka haraka. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kuna kikao kifupi cha mapumziko baada ya sijida ya pili, kabla ya kusimama. Wengi huku kwetu wamekiacha. Baba akihuishe, ainuke taratibu, na ashike kiti.

Sukari nayo ina hatari ambayo haionekani: ganzi ya nyayo. Asitembee pekupeku uani mwa msikiti jua likiwa kali, ataungua bila kuhisi. Akishatawadha apitishe vidole kati ya vidole vya miguu, kisha apakaushe kwa kitambaa, kwani unyevu hapo huleta fangasi na mipasuko. Kila jioni mtu mmoja nyumbani amkague nyayo.

Siku akizidiwa, aswali nyumbani bila kujilaumu. Jamaa kwetu ni faradhi kifaya, yaani wajibu ambao baadhi wakiutekeleza wengine huondokewa nao, na ugonjwa ni udhuru. Sahaba Abu Musa amepokea katika Bukhari kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na mkazi. Msomeeni hadithi hii polepole, kwani huenda anahofia kupoteza nafasi yake safuni kuliko anavyohofia presha.

Wallahu aalam.