Mwanzo wa filamu ya taharuki ya kisaikolojia: jibu refu kwa kikundi cha wanafunzi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako vizuri. Mna kazi ya shule ya kutengeneza mwanzo wa filamu, dakika mbili, aina ya taharuki ya kisaikolojia, halafu muandike tathmini. Mna simu moja nzuri, maiki hamna. Skripti yenu ni ya msichana aliye peke yake bwenini usiku: umeme unakatika, anasikia nyayo, anawasha tochi, kwenye kioo anaona sura isiyo yake. Mwalimu kasoma kasema hiyo ni filamu ya kutisha, mrudi mkaandike upya, nanyi hamuoni tofauti iko wapi.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe A Level (ngazi ya kidato cha tano na sita), somo la Media Studies, yaani masomo ya vyombo vya habari, la mtihani wa Cambridge, shule moja hapa Dar. Siku hizi nahariri video kama kazi ya kunilisha, na nimeshakaa na vikundi vingi vya wanafunzi wanaopitia hatua hizo hizo. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, na naomba msome wote wanakikundi.

Mwalimu wenu yuko sahihi. Kwenye filamu ya kutisha hatari iko nje ya mtu: kuna kitu gizani, kinakuja. Kwenye taharuki ya kisaikolojia hatari iko ndani ya akili ya mtu, au katikati ya watu wawili wanaofahamiana, na mtazamaji hajui amwamini nani. Giza halihitajiki. Baadhi ya mianzo bora niliyoiona kwa wanafunzi imepigwa saa sita mchana, sebuleni, jua linaingia dirishani.

Tena kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya somo hili havilisemi, kwa sababu vimeandikiwa watazamaji wengine. Mtazamaji wetu ana jibu tayari mkononi. Mwonyeshe sura ngeni kwenye kioo, atakwambia msichana ana jini. Mwonyeshe mlango unaofunguka wenyewe, atasema karogwa, au huyo ni marehemu bibi yake. Sisemi imani ya mtu ni kitu cha kubeza, nasema mtengenezaji lazima aijue hadhira yake. Akishapata jibu hilo, mashaka yamekwisha, kilichobaki ni kusubiri nani ataitwa kumwombea. Nanyi mmempa jibu hilo sekunde ya thelathini.

Nieleze tulivyofanya sisi. Filamu yetu ilikuwa na mkeka, sahani na watu wawili. Binti anaandaa chakula cha mchana, anapanga sahani tatu. Anaita kuelekea chumbani: "Njoo ule, kinapoa." Anakwenda kuleta maji. Mama anaichukua sahani ya tatu, safi kabisa, anaisuuza, anaiweka kwenye kichanja cha vyombo. Binti anarudi, anaitazama sahani inayochuruzika maji. "Ameshakula?" Mama anajibu, "Ameshakula." Jina la filamu linatokea. Basi.

Angalieni nini kimetokea hapo. Kama binti anaumwa, mama anamdanganya kwa huruma. Kama binti ni mzima, basi chumbani kuna mtu asiyelishwa, au alikuwapo mtu na mama anajua alikokwenda. Mtazamaji amemwona mama akisuuza, binti hakuona. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, akizungumza na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, alieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watu wanashtuka sekunde kumi na tano. Mtazamaji akijua lipo huku waliokaa mezani wanaongea mambo yao, ana dakika kumi na tano za wasiwasi. Siri mpe mtazamaji, mnyime mhusika. Skripti yenu imefanya kinyume chake: msichana na mtazamaji wanashtuka pamoja, kisha hakuna kilichobaki cha kubeba.

Bweni lenu lakini ni zuri mno, msilitupe. Ondoeni umeme kukatika, ondoeni nyayo na kioo. Taa zote ziwake. Msichana ni kiranja, anapita kitanda hadi kitanda na daftari la mahudhurio, anataja jina, anatia alama ya vema. Vitanda vyote vimetandikwa, na vyote ni vitupu. Matroni anaingia. Tunamtegemea amuulize kulikoni. Anapokea daftari, anasoma mpaka chini, anatia sahihi. Hapo hakuna atakayetaja jini, kwa sababu saini ya mtu mzima imeingia kwenye jambo lisiloelezeka, na swali limehama kutoka "nini kile?" kwenda "huyu naye anajua nini?"

Sasa picha. Tulimpiga binti kwa kamera iliyo usawa wa macho yake akiwa amekaa mkekani, na mama kila anapopita tukamkata mabegani. Tunaona mikono, kanga, miguu. Sura yake inatokea mara ya kwanza anaposema "Ameshakula." Na tulimsihi mama, aliyeigizwa na shangazi wa mwenzetu, asiigize kitu usoni. Hii si ajabu. Mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, mwanzoni mwa karne ya 20, aliunganisha picha ile ile ya uso wa mwigizaji mmoja na bakuli la supu, na jeneza la mtoto, na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, majonzi na tamaa kwenye uso ambao haukubadilika. Uso mtupu baada ya sahani safi kusuuzwa unatisha kuliko jicho la kukodolewa. Wanafunzi wengi wanaharibu hapa: mwigizaji anahema, anatetemeka, anageuka geuka, na mtazamaji anaambiwa ahisi nini kabla hajahisi.

Mambo ya simu nitayapitia haraka, ila hili la kwanza lishikeni. Umeme wa kwetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa inafifia mara mbili, kwa hiyo taa za tyubu na balbu nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinakuja zimepangwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, na mkipiga ndani usiku mnapata mistari inayopanda na kushuka ukutani, ambayo ni vigumu kuiondoa vizuri baadaye. Pangeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kama kamera ya simu yenu haikubali, pakueni programu ya kamera iitwayo Blackmagic Camera, ni ya bure. Fungeni pia mwangaza na fokasi visijibadilishe wenyewe. Nyumba zetu nyingi kuta ni nyeupe au za krimu. Simu ikiona ukuta huo inapunguza mwanga, na sura nyeusi inazama. Msimsimamishe mwigizaji kwenye ukuta. Msogezeni mbele, nyuma yake tundikeni shuka la rangi iliyokolea, taa au dirisha liwe ubavuni. Na kamera ibaki upande mmoja wa wahusika wote wawili. Mkivuka mstari wa kufikirika unaowaunganisha, mama na binti wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana.

Sauti ndiyo inayotofautisha kazi ya wanafunzi waliojali na waliolipua, na hamhitaji maiki ya gharama. Chukueni simu ya pili, iwekeni karibu na mdomo wa msemaji nje ya fremu, irekodi sauti tu. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ili baadaye muoanishe picha na sauti. Zimeni pangaboi na friji wakati watu wanaongea. Mkimaliza, washeni pangaboi, kila mtu anyamaze, rekodini chumba peke yake nusu dakika au zaidi. Sauti hiyo mtaitandaza chini ya filamu nzima, na hapo ndipo mtakapopata silaha yenu. Sisi mlio wa pangaboi ulikwenda tangu fremu ya kwanza, mtazamaji ameshausahau. Mama anapojibu, tukaukata. Hakuna muziki, hakuna kishindo. Darasa zima liliinua vichwa, na wengi hawakujua kwa nini. Mkitaka muziki, masharti ya kazi niliyoifanya mimi yaliruhusu tu muziki usio na haki za mtu, na picha zote mpige wenyewe. Someni ya kwenu. Mimi nashauri muziki uwe kidogo sana, au usiwepo.

Majina ya watengenezaji ni sehemu ya kazi, si pambo la mwisho. Yapangieni nafasi wakati wa kupiga: acheni sehemu tupu kwenye fremu ambapo jina litakaa. Jina la mwongozaji huja la mwisho kwa kawaida. Herufi ziwe za kawaida, nyembamba, tulivu. Herufi zinazodondosha damu zitawarudisha kwa mwalimu yule yule na maneno yale yale.

Sasa tathmini, ambayo naona mnaiogopa kuliko filamu. Watu wengi wanaiandika usiku wa kuamkia kukusanya, wakijaribu kukumbuka. Tathmini inaanza siku ya kwanza. Kila mnapochagua kitu, andikeni mstari mmoja: tumechagua hiki, kwa sababu hii, tulikataa kile. Pigeni picha michoro yenu ya shoti, hifadhini toleo la kwanza la uhariri hata kama ni baya.

Halafu wapeni watazamaji wasiojua chochote. Si wanadarasa wenzenu, hao wameshasikia mkibishana wiki nzima. Tafuteni fundi cherehani wa mtaani, dada zenu, mjomba aliyekuja kutembea. Waonyesheni bila utangulizi, msieleze kitu, kisha ulizeni: unamwamini nani hapa? Unadhani kilitokea nini kabla? Ungeendelea kutazama? Andikeni maneno yao kama walivyoyasema.

Toleo letu la kwanza lilikuwa na shoti ya pazia la mlango wa chumbani likipunga taratibu. Ilikuwa shoti nzuri kuliko zote, mwanga umepita kwenye kitambaa, mpigapicha wetu aliipenda sana. Watazamaji karibu wote wakasema chumbani kuna mzimu. Jirani mmoja mtu mzima akasema mama anampa chakula jini la ukoo. Tukaliondoa pazia, tukaweka mlango wa mbao uliofungwa, na kwa muda mfupi kitasa chenye kufuli upande wa nje. Tukawaonyesha watu wengine. Safari hii waligawanyika: wengine wakamhurumia mama, wengine wakamwogopa, na wakaanza kubishana wao kwa wao mbele yetu. Hapo tukajua imekaa.

Tofauti hiyo kati ya matoleo mawili ndiyo iliyobeba tathmini yetu. Linganisheni sentensi hizi. "Tulitumia picha za karibu ili kujenga taharuki kama filamu nyingine za aina hii." Hiyo anaweza kuiandika mtu ambaye hajashika kamera. Na hii: "Tuliondoa shoti ya pazia kwa sababu watazamaji waliisoma kama ishara ya jini, tukaweka kufuli ili hatari itoke kwa mtu, baada ya hapo walibishana kuhusu mama." Ya pili ina uamuzi, ina ushahidi, ina matokeo. Mwalimu hawezi kuikatalia maksi.

Maswali niliyopewa mimi yalikuwa manne: kazi yako imefuata au imepinga vipi kanuni za aina yake na imewaonyeshaje watu wa kundi fulani, inaihusishaje hadhira na ingesambazwaje, ujuzi wako umekua vipi, na umetumiaje teknolojia. Hilo la kuwaonyesha watu lifikirieni kwa moyo. Filamu za aina hii zimezoea kumfanya mgonjwa wa akili kuwa mwenye nywele timutimu, anayecheka peke yake na kushika kisu. Watu hao wako majumbani mwetu, ni kaka zetu na mama zetu, wengine wanafichwa vyumba vya uani. Kama msichana wenu wa bwenini anaumwa, mwonyesheni akiwa nadhifu, makini, mwandiko mzuri. Ndivyo wengi walivyo, na kwa taharuki pia inafanya kazi vizuri zaidi.

Kwenye usambazaji, msiandike "Netflix na sinema zote duniani." Filamu ndogo ya Kiswahili inaanza na YouTube, chaneli kama Sinema Zetu ya Azam, na matamasha ya filamu kama ZIFF la Zanzibar ambalo limekuwapo tangu 1998. Tajeni na daraja la umri na mtoe sababu. Kenya kwa mfano, bodi ya kupanga madaraja ya filamu, KFCB, inapanga filamu katika GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (umri wa chini). Sisi tulijipa 16: hakuna damu wala tusi, lakini kuna mtu mzima ambaye huenda amemfungia mtu chumbani, na mtoto wa miaka kumi akiitazama filamu hiyo na mama yake pembeni, usiku huo hatalala. Sababu ya namna hiyo, iliyotoka ndani ya filamu yenu wenyewe, ndiyo wanayoitafuta. Mkimaliza toleo la kwanza liwekeni hapa kwenye uzi, nitalitazama bila kusoma skripti mpya na nitawajibu yale maswali matatu ya watazamaji.