Jibu: Klasi ya Mbuni imegeuka nyekundu kwenye Protégé

Mkuu, umeuliza kwa nini klasi (kundi la vitu) ya Mbuni imegeuka nyekundu kwenye Protégé, programu ya kuandikia ontolojia, yaani maelezo ya dhana na uhusiano wake kwa lugha ya mantiki. Ulichoandika ni hiki: kila Ndege ni Kirukacho, kila Mbuni ni Ndege, na hakuna Mbuni aliye Kirukacho. HermiT, programu inayotoa mahitimisho kutokana na ulichoandika, haijakosea. Inakuambia hakuna kitu kinachoweza kuwa Mbuni, ndiyo maana klasi imehamia chini ya Nothing, klasi isiyo na kitu ndani. Ontolojia yenyewe bado nzima. Itavunjika utakapoingiza mbuni mmoja halisi, maana kwenye ukinzani kila sentensi inathibitika, hata kwamba mbuni huyo ni samaki. Maliza klasi nyekundu kwanza, data baadaye.

Bonyeza alama ya kuuliza kando ya hitimisho. Protégé itakuonyesha seti ndogo kabisa za aksiomu (kauli ulizoandika) zinazogongana. Zipitie zote, kwa sababu zikiwa tatu ukavunja moja, wekundu unabaki pale pale. Aksiomu inayojirudia kwenye seti nyingi ndiyo ya kushuku mwanzo. Wengi hufuta ile ya Mbuni kwa kuwa iliingia mwisho; hapo wamefuta ukweli wakabakiza "kila Ndege huruka", ambayo ndiyo ya uongo.

OWL 2, lugha ambayo ontolojia yako imeandikwa, haina "kwa kawaida". Ukisema kila, ni kila, na hakuna aksiomu utakayoongeza ikafuta hitimisho lililokwisha kupatikana. Vighairi vikiwa vichache, unda NdegeArukaye chini ya Ndege, hamishia sharti la kuruka huko pamoja na tai na kunguru, mbuni abaki nje. Gharama yake ni kwamba ndege ambaye aina yake haijulikani hatahitimishwa kuruka wala kutoruka.

Kama unahitaji "huruka mpaka ithibitike vingine" (haja hii ndiyo aliyoishughulikia mtaalamu wa mantiki Raymond Reiter mwaka 1980), sehemu hiyo iandike kwa clingo, programu inayotatua kanuni za mantiki (`:-` isome "ikiwa", na `kando` ni alama ya kighairi):

ndege(X) :- mbuni(X).
huruka(X) :- ndege(X), not kando(X).
kando(X) :- mbuni(X).
-huruka(X) :- mbuni(X).

Hapa watu huchanganya: `not` ni "haijathibitika kwamba", alama ya kutoa ni "imethibitika kwamba sivyo". Ukisahau mstari wa 3, mbuni wa kwanza tu atakurudishia UNSATISFIABLE (hakuna suluhisho) bila maelezo. Ndege aliyevunjika bawa mwongezee mstari wake wa `kando`; ule wa 2 usiuguse. Ukimwekea `kando` peke yake, clingo itanyamaza kuhusu kuruka kwake. Ukitaka ikane, mwandikie na `-huruka`.